Maisha ya Michael Faraday, Mjalidi Vitabu

Mwanafunzi anayeanza fizikia hulikuta jina la Faraday mapema kitabuni, nalo humtisha kidogo kama majina mengine makubwa. Hudhani mwenye jina hilo alizaliwa na akili isiyo ya watu, akasomeshwa katika shule bora, akashinda mitihani yote. Mambo hayakuwa hivyo hata kidogo. Mtu huyu hakusoma shule ya sekondari, hesabu zilimshinda mpaka mwisho wa maisha yake, kumbukumbu yake ilikuwa mbovu, na alipokuwa kijana aliona haya kwa maandishi yake na kwa usemi wake. Nataka kuwasimulia namna alivyoishi na kasoro hizo, kwa sababu sidhani kwamba ziliwahi kumtoka.

Alizaliwa tarehe 22 Septemba, 1791, mahali paitwapo Newington Butts, ambapo siku hizi ni ndani ya mji wa London. Baba yake, James, alikuwa mhunzi aliyehama kutoka kaskazini ya Uingereza kutafuta riziki. Alikuwa mgonjwa mara kwa mara, na mhunzi asiyeweza kusimama penye fuawe hana mshahara. Watoto walikuwa wanne, Michael akiwa wa tatu. Mwaka 1801 chakula kilikuwa ghali mno nchini, na Michael alipewa mkate mmoja tu wa kumfikisha mwisho wa juma. Wazazi wake walikuwa wafuasi wa dhehebu dogo la Kikristo, watu wasiopenda makuu wala mali, naye alikaa katika dhehebu hilo mpaka kufa kwake.

Shuleni alijifunza kusoma, kuandika, na hesabu kidogo za kawaida. Mwaka 1804, akiwa na umri wa miaka 13, akawa tarishi wa Bwana George Riebau, aliyekuwa na duka la vitabu katika mtaa wa Blandford. Kazi yake ilikuwa kupeleka magazeti ya kukodi nyumba kwa nyumba, kisha kurudi kuyachukua ili wengine nao wasome. Mwaka uliofuata Riebau alimfanya mwanagenzi wake kwa miaka saba, amfundishe kujalidi vitabu, yaani kushona kurasa na kuzitia majalada. Kwa desturi mzazi alitakiwa kulipa ada ya kumweka mtoto kazini, lakini Riebau hakudai kitu.

Vitabu vilivyoletwa dukani kujalidiwa, kijana huyu alivisoma. Katika kamusi kubwa ya elimu alikuta makala ndefu juu ya umeme. Kisha akakutana na kitabu cha kemia cha mama mmoja, Jane Marcet, kilichoandikwa kwa ajili ya watu wasiojua kitu. Faraday hakukubali kuamini maneno ya kitabu mpaka ayajaribu mwenyewe. Kwa senti chache alizoweza kuweka alinunua dawa kidogo, akajitengenezea mtambo mdogo wa umeme kwa chupa, akajaribu jambo moja moja usiku baada ya kazi.

Baba alifariki mwaka 1810. Wakati huo palikuwa na Bwana Tatum aliyefundisha sayansi nyumbani kwake jioni, kiingilio shilingi moja kwa kila hotuba. Michael hakuwa nayo. Aliyemlipia ni kaka yake Robert, aliyeshika kazi ya baba yao ya uhunzi. Vitabu vingi hulipita jambo hili kwa mstari mmoja, lakini mimi hupenda kusimama hapo. Shilingi ya mhunzi hutoka kwa jasho, na Robert aliitoa kumpeleka mdogo wake kusikiliza mambo ambayo hayakuonekana kuwa yatamletea mtu yeyote mkate.

Mwaka 1812, ukiwa ni mwaka wa mwisho wa uanagenzi wake, mteja mmoja wa duka, mwanamuziki William Dance, alimpa tikiti za kumsikiliza Humphry Davy katika Royal Institution, nyumba ya elimu ya sayansi iliyoko mtaa wa Albemarle. Davy alikuwa mwanakemia mashuhuri kuliko wote nchini. Faraday alihudhuria hotuba nne, akiandika kila alichoweza. Alipofika nyumbani aliyanakili maelezo yote kwa mwandiko safi, akachora picha za vyombo, halafu akayajalidi kwa mikono yake yakawa kitabu kamili.

Alitaka kuacha kujalidi na kuingia katika sayansi, hata kama ni kuosha chupa. Alimwandikia rais wa Royal Society, Sir Joseph Banks, hakupata jibu. Mwezi wa Desemba akamwandikia Davy mwenyewe, akamtumia na kile kitabu. Davy alimpokea kwa wema, lakini akamshauri asiiache kazi yake ya mikono, maana sayansi haikuwa na malipo. Shauri hilo halikuwa baya. Mtu mzima yeyote mwenye busara angemwambia vivyo hivyo kijana fukara wa miaka 21. Lakini mwanzoni mwa mwaka 1813 msaidizi wa Davy alipigana na mwenzake kazini, akafukuzwa, na Davy akamkumbuka yule mjalidi vitabu. Tarehe 1 Machi Faraday aliajiriwa kwa shilingi 25 kwa juma, pamoja na vyumba viwili juu ya nyumba, kuni za moto na mishumaa.

Hapo ingefaa hadithi iwe tamu, lakini sivyo ilivyokuwa. Mwezi wa Oktoba mwaka ule ule Davy na mkewe walianza safari ya Ulaya, na Faraday akawafuata. Mtumishi wa Davy alikataa kusafiri, basi Faraday aliombwa ashike kazi zake kwa muda mpaka apatikane mwingine. Mwingine hakupatikana. Bibi Davy, mwanamke tajiri mwenye majivuno, alimfanya boi. Kijana aliona mambo makubwa: alikutana na Ampère kule Paris na mzee Volta huko Milan, aliona mlima wa moto wa Vesuvius, na kule Florence aliona almasi ikiunguzwa kwa miali ya jua iliyokusanywa na kioo. Lakini katika barua alizomwandikia rafiki yake Benjamin Abbott, alilalamika kwamba amedhalilishwa, na alifikiri kurudi Uingereza akajalidi vitabu. Alivumilia kwa sababu alijua hatapata tena mwalimu kama Davy. Walirudi mwaka 1815.

Sasa tazameni alivyofanya na kasoro zake. Alijua sarufi yake ni dhaifu. Akamwomba rafiki yake Magrath amsahihishie. Alijua hajui kusema mbele za watu. Akaenda kujifunza kwa mwalimu wa usemi, Benjamin Smart, akiwa mtu mzima. Alijua akianza kuhutubu huharakisha. Akatengeneza kadi yenye neno la kumwonya aende polepole, na msaidizi wake akaiweka mbele yake kila alipojisahau. Alijua kumbukumbu yake haimshiki. Akaandika kila jaribio katika daftari, hata lililoharibika, na aya zake akazitia namba. Aya ya mwisho ina namba 16041. Kijana huyu aliyeona haya kusema ndiye aliyekuja kutoa mfululizo 19 wa hotuba za Krismasi kwa vijana, na watu wakijazana London kumsikiliza akieleza mshumaa unavyowaka.

Mwaka 1821 alimwoa Sarah Barnard, na mwaka huo huo akaonyesha kwamba waya wenye umeme unaweza kuzunguka sumaku pasipo kukoma. Huo ndio mwanzo wa mota ya umeme. Lakini alitangaza habari hiyo kwa haraka, bila ya kumtaja Dakta Wollaston ambaye alikuwa amefikiri juu ya jambo la karibu na hilo. Watu wakanong'ona kwamba mjalidi vitabu ameiba. Hakuiba, ila naona kosa la adabu lilikuwepo, naye lilimwumiza sana. Jina lake lilipopendekezwa kuingia Royal Society, aliyepinga ni Davy mwenyewe, mwalimu wake. Hata hivyo mwaka 1824 alichaguliwa, kura moja tu ikimkataa.

Ikafuata miaka iliyoonekana kuwa ya hasara. Alipewa kazi ya kutengeneza kioo bora cha darubini, akashinda penye tanuri tangu 1825 hata karibu na 1830, na kioo hakikufaa kama ilivyotazamiwa. Katikati ya kazi hiyo alijaribu mara kadhaa kutoa umeme katika sumaku. Kama umeme huleta nguvu ya sumaku, alifikiri, kwa nini sumaku isilete umeme? Kila mara sindano yake haikutikisika.

Tarehe 29 Agosti, 1831, alichukua pete ya chuma, upana wake kama inchi 6. Upande mmoja aliuzungushia waya wa shaba, upande wa pili waya mwingine, nyaya hizo mbili zisigusane. Waya wa kwanza aliuunga na betri; waya wa pili aliupitisha juu ya sindano ya sumaku. Alipounga betri sindano iliruka, kisha ikatulia. Alipokata, ikaruka tena. Umeme ukipita sawasawa, sindano ilikaa kimya. Hapo akafahamu kwa nini alishindwa miaka yote: alikuwa akingoja umeme wa kudumu, kumbe huja wakati wa mabadiliko tu. Mwezi wa Oktoba alisukuma sumaku ndani ya waya uliokunjwa, umeme ukaja. Akazungusha sahani ya shaba kati ya ncha za sumaku kubwa, umeme ukaja bila kukatika. Mitambo ya Jinja iliyofunguliwa mwaka 1954, ya Kidatu, na ya bwawa la Julius Nyerere mtoni Rufiji hutumia jambo hilo hilo. Maji huzungusha gurudumu, sumaku huzunguka karibu na nyaya, na taa ya bwenini huwaka.

Nirudi kwenye hesabu. Wataalamu wa siku zile waliandika fizikia kwa hesabu za juu, na Faraday hakuweza kuzisoma. Basi alinyunyiza unga wa chuma juu ya karatasi iliyowekwa juu ya sumaku, akatazama unga unavyojipanga kwa mistari, akachora. Alisema nguvu imo katika nafasi yote iliyozunguka sumaku, inafuata mistari hiyo. Wenye hesabu wengi hawakuyajali maneno hayo. Waliona ni michoro ya mtu asiyesoma. Kisha kijana wa Kiskoti aliyesoma Cambridge, James Clerk Maxwell, akavisoma vitabu vya Faraday kwa makini, akaiweka mistari ile katika hesabu. Mwaka 1857 Faraday, akiwa na miaka 65, alipokea maandishi yake. Alimjibu kwamba kwanza aliogopa kuona hesabu nzito namna ile, halafu akastaajabu jinsi mawazo yake yalivyostahimili. Kwa njia hiyo Maxwell alifika kwenye mawimbi ya umeme na sumaku, na humo imetoka redio.

Najua wako watakaofurahi hapa na kusema kwamba basi hesabu si kitu. Polepole, bwana! Bila hesabu za Maxwell mistari ile ingebaki michoro, na Faraday alilijua jambo hilo kuliko mtu yeyote. Hakujivunia kukosa hesabu, alisikitika. Ila hakungoja azipate ndipo aanze kazi.

Kutoka mwaka 1839 hivi alipata ugonjwa wa kizunguzungu na kusahau, akalazimika kupumzika miaka kadhaa. Aliporudi, mwaka 1845, alijaribu kuona kama sumaku inaweza kuugeuza mwanga. Alipitisha mwanga katika vitu vingi, hakuona kitu. Tarehe 13 Septemba akachukua kipande cha kile kioo kizito, kioo cha miaka ya hasara, akakiweka penye sumaku. Mwanga ukageuka.

Alikataa kufanywa Sir, akakataa na urais wa Royal Society. Malkia Victoria alimpa nyumba ya kukaa Hampton Court mwaka 1858, na huko alifariki akiwa kitini mwake, tarehe 25 Agosti, 1867. Alizikwa Highgate, chini ya jiwe lisilo na mapambo.

Jaribio lake la mwisho lilikuwa tarehe 12 Machi, 1862. Aliweka ndimi za moto kati ya ncha za sumaku, akatazama kama rangi za mwanga wake zitabadilika. Hakuona badiliko lolote, akaandika hivyo daftarini kama kawaida yake. Baada ya miaka mingi, kijana mmoja wa Leiden, Uholanzi, aitwaye Pieter Zeeman, alisoma kwamba Faraday aliwahi kujaribu jambo hilo. Akaona kwamba kama Faraday aliliona lafaa kujaribiwa, lafaa kurudiwa kwa vyombo bora zaidi. Akalirudia mwaka 1896, na mistari ya rangi ikapanuka mbele ya macho yake. Mwaka 1902 Zeeman alipewa Tuzo ya Nobel.