Robert Bakewell, Mfugaji Aliyechagua Wazazi

Ng'ombe wa zizi moja hawafanani. Mmoja hutoa maziwa mengi, mwingine kidogo. Mmoja hunenepa upesi, mwingine hubaki mwembamba ingawa wote hula majani yale yale. Ndama naye hurithi baadhi ya sifa za wazazi wake. Wafugaji wamelijua jambo hili tangu kale. Mmoja wa watu wa kwanza kulifanyia kazi kwa mpango alikuwa mkulima wa Uingereza, Robert Bakewell.

Bakewell alizaliwa mwaka wa 1725 katika shamba la Dishley, jimbo la Leicestershire. Alipokuwa kijana alisafiri sehemu nyingi ili aone jinsi wakulima wengine walivyofanya kazi. Baba yake alipofariki mwaka wa 1760, yeye alishika uongozi wa shamba.

Siku zile madume na majike walilishwa pamoja, wakazaana bila mpango. Bakewell aliwatenga. Aliamua mwenyewe ni dume yupi ampande jike yupi. Wanyama wenye sifa alizozitaka aliwazalisha. Wasiokuwa nazo hakuwazalisha. Mara nyingi alipandisha wanyama wa ukoo mmoja ili sifa hizo zisipotee.

Aidha, aliwakodisha kondoo dume wake kwa wakulima wengine, kisha akaenda kuwatazama watoto waliozaliwa. Hivyo alimpima dume kwa watoto wake, wala si kwa sura yake tu. Alihifadhi hata mifupa ya wanyama wake bora, pamoja na vipande vya nyama katika maji ya chumvi, apate kulinganisha kizazi kimoja na kingine.

Baada ya miaka mingi alipata kondoo walioitwa New Leicester. Kondoo hao walikuwa na mifupa myembamba na mwili mnene, nao walinenepa upesi. Miji ya Uingereza ilikuwa ikikua, na watu wake walihitaji nyama. Kwa hiyo wakulima walilipa fedha nyingi ili kukodi madume ya Dishley.

Hata hivyo, kazi yake ilikuwa na upungufu. Ng'ombe wake wenye pembe ndefu walinenepa vizuri, lakini maziwa yao yalipungua. Nyama ya kondoo wake nayo ilikuwa na mafuta mengi mno. Anayechagua sifa moja tu huweza kupoteza nyingine bila kukusudia.

Bakewell alifariki mwaka wa 1795. Hakujua ni kwa njia gani sifa hutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto. Kanuni za urithi zilielezwa na Gregor Mendel mwaka wa 1866, baada ya kuchunguza mimea ya njegere. Kabla ya hapo, mwaka wa 1859, Charles Darwin alikuwa amemtaja Bakewell katika kitabu chake juu ya asili ya viumbe.

Njia ya kuchagua wazazi imetumika pia katika uwanda wa kati wa Tanzania. Huko Mpwapwa, mkoani Dodoma, kuna kituo cha mifugo kilichoanzishwa mwaka wa 1905. Watafiti wa kituo hicho walikabiliwa na tatizo gumu. Ng'ombe wa kienyeji wenye nundu huvumilia jua, kiangazi kirefu na maradhi mengi, lakini maziwa yao ni machache. Ng'ombe wa Ulaya hutoa maziwa mengi, lakini hudhoofishwa na joto na uhaba wa malisho, tena huuawa kwa urahisi na ndigana kali inayoenezwa na kupe. Mfugaji aliyenunua ng'ombe wa maziwa asiyevumilia nchi aliweza kupoteza maziwa na ng'ombe pia.

Watafiti hawakuchagua maziwa peke yake. Waliwapandisha ng'ombe wa kienyeji na Red Sindhi na Sahiwal, ambao asili yao ni nchi za joto za Pakistani na India. Waliongeza pia damu ya Boran na Ankole wa Afrika Mashariki, na kiasi kidogo cha ng'ombe wa Ulaya. Katika kila kizazi walibakiza wanyama waliotoa maziwa na nyama ya kutosha huku wakistahimili ukame. Mwishoni mwa miaka ya 1950 walikuwa wamepata aina mpya, ng'ombe wa Mpwapwa.

Kumbuka: mnyama bora ni yule mwenye sifa zinazofaa kazi yake na mahali anapoishi.

Maswali
1. Kwa nini Bakewell alitenga madume na majike?
2. Alijuaje kwamba kondoo dume fulani alikuwa mzazi bora?
3. Kwa nini haitoshi kuchagua ng'ombe kwa wingi wa maziwa tu katika mkoa wa Dodoma?
4. Mwulize mfugaji mmoja kijijini kwenu sifa anazozitazama anapochagua fahali au beberu. Ziandike, kisha mzijadili darasani.