Mhadhiri Aliyeacha Chuo Akaenda Kujenga Misheni

Kabla ya kuwa mtakatifu, Junípero Serra alikuwa mhadhiri wa chuo kikuu, kama hawa wetu. Alizaliwa Petra, kisiwani Mallorca, Hispania, mwaka 1713, mtoto wa wakulima. Akaingia utawa wa Wafransisko, akapata udaktari wa teolojia, akafundisha chuoni Palma. Mwaka 1749 akaacha kila kitu, akapanda meli kwenda Meksiko. Kutoka bandari ya Veracruz alitembea kwa miguu hadi Mexico City. Njiani mguu ukavimba, na maumivu yake hayakumwacha maisha yote.

Mwaka 1769, akiwa na miaka 55, alianzisha misheni ya San Diego, California. Mpaka anafariki alikuwa ameanzisha tisa. Baadaye zilifika 21.

Sisi tunaosoma ualimu wa historia huwa tunaishia hapo: majina na miaka, basi. Mimi ningeanza na majengo. Mwanzoni vilikuwa vibanda vya miti na nyasi. Baadaye zikaja kuta nene za matofali ya udongo yaliyokaushwa juani, paa za vigae, ua wa mraba katikati, kanisa upande mmoja, na kuzunguka ua huo jiko, maghala na karakana. Waliofyatua matofali ni wenyeji wenyewe. Siku iliendeshwa kwa kengele: sala, uji, kazi, chakula, kazi tena, sala.

Halafu kuna bweni. Wasichana ambao hawajaolewa walifungiwa humo usiku. Aliyebatizwa hakuruhusiwa kuondoka bila ruhusa. Akitoroka, askari wanamfuata, na akirudishwa anakula viboko. Magonjwa yaliyoletwa na wageni nayo yaliua wengi.

Serra mwenyewe si rahisi kumweka kwenye fungu moja. Mwaka 1773 alirudi Mexico City kuwashtaki askari waliokuwa wakiwatendea wenyeji maovu. Wakumeyaay walipoichoma misheni ya San Diego mwaka 1775 na kumuua padri, aliomba wasinyongwe. Lakini viboko alivitetea, eti ni baba anamrudi mwanawe. Swali langu ni hili: watu wazima wenye nchi yao, nani aliwafanya watoto wake?

Alifariki misheni ya Carmel, 28 Agosti 1784. Papa Fransisko alimtangaza mtakatifu mwaka 2015. Mwaka 2020 waandamanaji waliangusha sanamu zake San Francisco na Los Angeles.

Kwa miaka mingi watoto wa darasa la nne California wametengeneza vielelezo vya misheni, wengine kwa vipande vya sukari. Mnara na kengele huonekana vizuri. Wanachuo wenzangu, siku tukisimama mbele ya darasa, jengo lolote tutakalofundisha tuwaulize wanafunzi mambo mawili: matofali alifyatua nani, na ufunguo wa bweni alikaa nao nani?