Francis Xavier: Aliyezika msafiri Malindi, na swali la mababu zetu

Ukipanda matatu pale Kikambala kuelekea Malindi, ukapita Vipingo, Kilifi na Gede, utafika mji wenye kanisa dogo la Wareno karibu na bahari. Paa lake ni la makuti na uani kuna makaburi. Wengi wetu hulipita mbio tukienda kupiga picha kwenye nguzo ya Vasco da Gama. Siku moja hebu simama kidogo. Kanisa hilo huhusishwa na jamaa aliyepita hapa mapema 1542, na alichofanya Malindi kikakumbukwa kilikuwa ni mazishi.

Jina lake Francis Xavier. Kama wewe ni Mkatoliki, umemsikia kama Mtakatifu Fransisko Ksaveri.

Alizaliwa 7 Aprili 1506 katika ngome ya Javier, Navarra, ambayo leo ni kaskazini mwa Uhispania. Kwao walikuwa watu wa hadhi, ila vita viliwaangusha. Babake akafariki 1515, na kuta za ngome yao zikabomolewa. Mwaka wa 1525 kijana akaenda chuo Paris. Alikuwa mtu wa michezo, hodari wa kuruka, na ndoto zake unazijua: asome, apate cheo, jina la familia lirudi. Mimi chuo kilinishinda katikati, kwa hivyo hapo sina la kumcheka.

Mwaka wa 1529 akaletewa mwenzake wa chumba, Ignatius wa Loyola, mwanajeshi wa zamani aliyekuwa akichechemea. Mwanzoni Xavier hakumtaka kabisa. Lakini mzee huyo alikuwa na swali moja tu, na alilirudia bila kuchoka: ukiipata dunia yote na roho yako ikapotea, umepata faida gani? Polepole likamwingia. Tarehe 15 Agosti 1534, yeye, Ignatius na wenzao watano wakaweka nadhiri pale Montmartre. Hiyo ndiyo mbegu ya shirika la Wajesuiti.

Sasa angalia imani yake ilivyofanya kazi. Kabla ya kupewa upadri 1537, alikuwa Venice akiwahudumia wagonjwa ambao hospitali nyingine zilishawakatia tamaa. Akaondoka Lisbon 7 Aprili 1541, siku aliyotimiza miaka 35, akiwa mjumbe wa Papa kwenda India. Mtu wa cheo hicho alitarajiwa kuwa na mtumishi, yeye akakataa. Nguo zake alifua mwenyewe, na wagonjwa melini aliwahudumia mwenyewe. Walikwama miezi kadhaa kisiwani Msumbiji wakingoja upepo, watu wakafa wengi, naye akiwa hospitalini na wagonjwa hadi akaugua yeye pia.

Ndipo wakafika Malindi. Msafiri mmoja akafariki, wakamzika mjini. Xavier aliandika baadaye kwamba wenyeji Waislamu walipendezwa na jinsi Wakristo walivyomsitiri maiti wao. Pia mzee mmoja wa mji alimlalamikia kuwa misikiti ilikuwa 17 lakini watu huenda mitatu tu. Kumbe wazee kulalamika kwamba watu wameacha dini hakukuanza na sisi.

Tarehe 6 Mei 1542 akafika Goa. Akalala hospitalini, akawatembelea wafungwa, na Jumapili akawasomea misa wenye ukoma nje ya mji. Mchana alipita mitaani na kengele akiwaita watoto na watumwa waje kufundishwa sala. Akiwa Malacca 1545, kengele hiyo akaitoa usiku pia. Alitembea gizani akiwaomba watu waziombee roho zilizo toharani. Wakatoliki wanaamini kuna marehemu ambao bado wanatakaswa kabla ya kumwona Mungu, na sala zetu huwasaidia. Hebu mwone: mtu mmoja, usiku wa manane, akiwasemea wafu ambao labda hakuna aliyewakumbuka. Sisi matangani tunakesha na disko, spika mpaka asubuhi. Sijui nani kati yetu angeisikia kengele ile.

Lakini usidhani nakupa hadithi tamu tupu. Mwaka wa 1546 alimwandikia mfalme wa Ureno akiomba mahakama ya kuwahukumu waliopotoka imani iletwe Goa. Ilikuja 1560, yeye akiwa keshakufa, na ilitesa watu wengi. Mikono iliyoosha wagonjwa ndiyo iliyoandika barua ile. Utakatifu haufuti hilo.

Halafu kuna Japani. Alifika Kagoshima 15 Agosti 1549, na baadhi ya watu wakaamini. Kisha wakamuuliza swali ambalo hata wewe wa Kikambala unalo: na mababu zetu, waliokufa kabla hawajasikia habari hii? Tukiwaombea, tukiwatolea sadaka, watapona? Akawaambia hapana, walioko motoni hawatoki. Watu wakalia. Katika barua ya 1552 alikiri kwamba hata yeye machozi yalimlengalenga akiona rafiki zake wanavyoumia.

Mimi nimelikuta swali hilo nyumbani. Babu yangu alikufa bila ubatizo. Alikuwa mtu wa koma na mnazi, na hakuna mgeni aliyeondoka kwake na njaa. Kwenye hanga lake mtu wa dini alisimama akatuambia tusipoteze muda kumwombea. Nyanya alinyamaza, akavuta leso akajifunika uso. Sijasahau.

Kanisa la Xavier lenyewe halikuishia kwenye jibu lile. Mwaka wa 1964, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifundisha kwamba asiyeijua Injili bila kosa lake, lakini akamtafuta Mungu kwa moyo mnyofu na kufuata dhamiri yake, anaweza kuokoka. Ilichukua miaka zaidi ya 400. Wale Wajapani walishakufa na majonzi yao.

Xavier naye hakupata mazishi makubwa. Alikufa 3 Desemba 1552 kisiwani Shangchuan, akiitazama China aliyotamani kuingia, umri wake miaka 46. Kando yake alikuwepo Antonio, kijana Mchina. Watu wachache tu walimzika, kisha mwili ukahamishiwa Malacca na baadaye Goa, uliko mpaka leo. Mwaka wa 1622 akatangazwa mtakatifu. Yule aliyemzika mgeni Malindi, naye alizikwa ugenini.

Ukiniuliza nimebaki na nini, nitakwambia mikono yake ilielewa mapema kuliko jibu lake. Alimhudumia mgonjwa bila kuuliza kama atapona. Aliwaombea marehemu asiowajua majina. Basi nawe, Novemba ikifika na wafu wakikumbukwa, palilia kaburi la mzee wako pale nyuma ya nyumba. Mwombee, abatizwe asibatizwe. Kisha umpelekee nyanya unga na sukari, maana yeye bado yuko hai. Hukumu muachie Mwenyewe.