Charles Spurgeon, mhubiri aliyelia bila kujua sababu



Kuna huzuni tunayoijua vizuri, ile ya msiba. Tunaikalia pamoja, tunaimba, tunapika, na siku zinapita. Lakini iko nyingine inayoingia asubuhi bila kubisha hodi. Hakuna aliyekufa, watoto wamekula, na bado mtu hana nguvu ya kutoka kitandani. Jana alikuwa akisifu kwa furaha, leo hata kufungua Biblia ni mzigo. Mwimbaji wa kwaya akiwa hivyo anaambiwa ameacha kuomba, au kuna dhambi anayoficha, au ana roho mchafu. Pasta akiwa hivyo ananyamaza, maana atamwambia nani? Kwa ajili ya hao wote tunasimulia habari za Charles Haddon Spurgeon, ambaye mahubiri yake yanasomwa na wachungaji wengi mpaka leo. Wengi wanamjua kama mhubiri wa maelfu. Wachache wanajua kwamba karibu maisha yake yote aliandamwa na huzuni ya namna hiyo.

Alizaliwa Kelvedon, katika jimbo la Essex, Uingereza, tarehe 19 mwezi wa 6 mwaka 1834. Baba yake alikuwa mhubiri, na babu yake vilevile. Miaka yake ya kwanza aliipitisha kwa babu, kijijini Stambourne. Ndani ya nyumba ya babu kulikuwa na chumba cha vitabu vya zamani vya Wapuritani, nacho kilikuwa na giza kwa sababu dirisha lake lilikuwa limezibwa: enzi zile serikali ilitoza kodi ya madirisha. Mtoto alikuwa akichukua kitabu gizani na kwenda kukisoma kwenye mwanga. Hapo ndipo alipokutana na kitabu cha John Bunyan juu ya safari ya Mkristo, ambacho alikisoma tena na tena hata uzeeni. Katika kitabu hicho msafiri anazama kwenye tope la kukata tamaa kabla hajaenda mbali. Spurgeon alilijua tope hilo mapema.

Ujana wake ulikuwa mzito. Alilelewa kanisani, alijua maandiko, lakini moyo wake ulimshitaki mchana na usiku. Tarehe 6 mwezi wa kwanza mwaka 1850, akiwa na miaka 15, theluji kali ilimzuia kufika kanisa alilokusudia, akaingia katika kanisa dogo la Wamethodisti mjini Colchester. Watu walikuwa wachache sana. Mchungaji mwenyewe hakufika, naye mtu mmoja mwembamba, asiye na elimu kubwa, alisimama mahali pake. Alihubiri kutoka Isaya 45:22, na kwa kuwa hakuwa na mengi ya kusema, alirudia fungu lile lile: mwenye dhambi hatakiwi kujitazama mwenyewe bali amtazame Bwana. Kisha akamwona kijana mgeni amekaa nyuma, akamwambia waziwazi kwamba uso wake unaonyesha taabu, na kwamba ataendelea kuwa na taabu asipotii neno hilo. Kijana alitoka pale akiwa mtu mwingine.

Tungependa kuandika kwamba huzuni ilikwisha siku hiyo. Haikwisha. Wokovu aliupata, na uhakika wake hakuupoteza, lakini mwili na hisia zake vilibaki vile vilivyokuwa. Hapo ndipo wengi wetu tunachanganya mambo mawili.

Mwaka uliofuata, akiwa na miaka 17, alikuwa tayari mchungaji wa kanisa la Wabatisti la Waterbeach. Mwaka 1854 aliitwa London, kanisa la New Park Street, akiwa bado hajatimiza miaka 20. Mwaka huo huo kipindupindu kiliingia mjini. Wasomaji wetu wa Goma na Bukavu hawahitaji kuelezwa kipindupindu ni nini. Kijana yule alikwenda nyumba kwa nyumba, kaburi kwa kaburi, mpaka nguvu zikamwisha na akaanza kujiona mgonjwa. Akirudi kutoka mazishini alipita mbele ya duka la fundi viatu na kuona karatasi dirishani yenye maneno ya Zaburi 91 yaliyoandikwa kwa mkono. Aliyasoma akiwa amesimama barabarani, na moyo wake ukatulia. Aliendelea na kazi. Sijui kama fundi yule alifikiri karatasi yake ingemsaidia mchungaji.

Watu waliongezeka hata jengo likawa dogo. Wakakodi ukumbi mkubwa wa muziki katika bustani za Surrey, wenye nafasi ya watu maelfu. Ibada ya kwanza ilikuwa jioni ya tarehe 19 mwezi wa kumi mwaka 1856. Spurgeon alikuwa na miaka 22. Alikuwa ameoa mwanzoni mwa mwaka huo, na mke wake Susannah alikuwa nyumbani na watoto mapacha wa mwezi mmoja. Ukumbi ulijaa, na nje walibaki maelfu. Ibada ilipokuwa imeanza, watu fulani walipiga kelele kwamba kuna moto. Hapakuwa na moto. Umati ulikimbilia milango na ngazi, watu wakakanyagana. Saba walikufa, na 28 waliumia vibaya.

Spurgeon alitolewa pale akiwa kama mtu asiye na akili zake. Walimpeleka kwa rafiki, nje ya mji, na kule alilia siku baada ya siku. Magazeti yalimshambulia bila huruma, lakini rafiki zake walimficha mengi ya hayo. Hata kuiona Biblia kulimtoa machozi. Kama tungemtembelea siku zile, nadhani wengi wetu tungemshauri aache utumishi.

Ahueni ilimjia ghafla, akitembea bustanini. Alikumbuka habari ya Wafilipi 2, jinsi Kristo alivyoshushwa kisha Mungu akamwinua juu sana. Akawaza kwamba kama Kristo ameinuliwa, basi yeye Spurgeon anaweza kubaki chini mavumbini na jambo lililo kuu halijaharibika. Wazo hilo halikuondoa msiba, wala halikuwafufua wale saba. Lilimpa mahali pa kuutazama msiba akiwa amesimama. Baada ya majuma mawili hivi alipanda tena mimbarini, na kabla ya mwaka kwisha alirudi kuhubiri katika ukumbi ule ule.

Lakini jeraha lilibaki. Kwa miaka mingi baadaye msongamano wa watu mlangoni ulimtetemesha, yeye ambaye kazi yake ilikuwa kusimama mbele ya misongamano. Mwaka 1857 alihubiri London katika jumba la Crystal Palace mbele ya watu 23,654, siku ya Jumatano, bila kipaza sauti maana havikuwapo. Usiku huo alilala, na hakuamka mpaka Ijumaa asubuhi. Mke wake alimwacha alale. Huo ulikuwa upendo wenye hekima.

Mwaka 1861 kanisa lake lilihamia jengo jipya, Metropolitan Tabernacle, lililofunguliwa bila deni. Mwaka huo pia ajali mbili za treni ziliua watu wengi Uingereza, na wahubiri wengine walisema ni adhabu ya Mungu kwa waliosafiri siku ya Bwana. Spurgeon alipinga. Akitumia Luka 13, alifundisha kwamba ajali si kipimo cha dhambi za waliokufa. Tukumbuke nani alikuwa akisema hayo: mtu aliyeona watu wakifa katika ibada yake mwenyewe. Mahubiri hayo yalipigwa chapa kama mengine, na nakala moja ilisafiri mbali. David Livingstone, yule aliyefika Nyangwe, huku kwetu Maniema, mwaka 1871, alikuwa nayo katika mizigo yake. Alipokufa mwaka 1873, ilionekana kati ya karatasi zake, ikiwa imebadilika rangi, na juu yake alikuwa ameandika kwa mkono kuwa ni nzuri sana.

Spurgeon alikuwa na chuo cha kufundisha wachungaji, na siku za Ijumaa alikuwa akizungumza na wanafunzi wake kama baba na wanawe. Mojawapo ya mafundisho hayo, lililopigwa chapa mwaka 1875, linahusu mchungaji anapozimia moyo. Mimi nalihesabu kuwa kati ya kazi zake bora, maana hakulitoa vitabuni. Aliwaambia vijana wasishangae. Alitaja vyanzo ambavyo hata leo baadhi yetu tunaona haya kuvitaja kanisani: mwili mgonjwa, kukaa siku nzima chumbani juu ya vitabu, kukosa hewa safi, kazi isiyo na pumziko, upweke wa yule anayebeba siri za wengine. Aliwatuma watoke nje, watembee msituni au kando ya bahari. Alisema huzuni huja hasa saa ya ushindi mkubwa, kama Eliya aliyekimbia jangwani baada ya Karmeli, na huja pia kabla ya kazi kubwa. Yeye mwenyewe, alipoona wingu jeusi linakaribia, alijifunza kulichukua kama dalili kwamba Mungu anaandaa baraka mbele. Na mara nyingine huja bila sababu yoyote. Alikiri kwamba amelia saa nzima kama mtoto mdogo bila kujua analia nini, na kwamba huwezi kujibizana na huzuni ya namna hiyo kwa hoja, kama vile huwezi kupigana na ukungu.

Angalieni Eliya katika 1 Wafalme 19. Malaika hakuanza na mahubiri. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena.

Huzuni haikumzuia kufanya kazi, na kazi haikumwondolea huzuni. Mwaka 1867 alianzisha kituo cha yatima huko Stockwell, kwa fedha, pauni 20,000, zilizotolewa na mama mmoja mjane. Chuo chake kilipokea hata Thomas Johnson, aliyezaliwa mtumwa Virginia, Marekani, na ambaye baada ya masomo alikwenda kuhubiri Kamerun mwaka 1878. Wenye watumwa wa kusini mwa Marekani walikuwa wamekwisha kuchoma vitabu vya Spurgeon kwa sababu alilaani utumwa waziwazi. Hakuwa malaika, lakini. Alivuta sigara na kuitetea hadharani, jambo ambalo wengi kwetu hawawezi kulikubali. Pia alifanya kazi kupita kiasi, na sidhani tunapaswa kumwiga katika hilo. Aliwaonya wanafunzi kuhusu kutopumzika, naye mwenyewe hakupumzika mpaka mwili ulipomlazimisha.

Mwili ulimlazimisha mapema. Mke wake, Mama Susannah, alipasuliwa mwishoni mwa miaka ya 1860, na tangu hapo kwa miaka mingi hakuweza kutoka nyumbani mara nyingi, hata kwenda kumsikiliza mumewe. Spurgeon naye, akiwa na miaka kama 35, alishikwa na jongo, ule ugonjwa unaovimbisha na kuchoma viungo. Baadaye figo nazo ziliharibika. Mara moja, maumivu yalipomshinda, aliwaomba watu watoke chumbani, akamsihi Mungu kama mtoto anavyomsihi baba yake, akisema kwamba yeye mwenyewe asingeweza kumtazama mwanawe akiteseka hivyo bila kumsaidia. Maumivu yalipungua. Yalirudi siku nyingine, na nyingine tena. Majira ya baridi, madaktari walimtuma Mentone, kusini mwa Ufaransa, mahali penye jua, na kanisa lilijifunza kuishi bila mchungaji wake kwa majuma mengi.

Mama Susannah hakukaa bure. Mwaka 1875, aliposoma kitabu cha mafundisho ya mumewe kwa wanafunzi, alitamani kila mchungaji maskini akipate. Mumewe alimuuliza atatoa kiasi gani. Alikuwa na tabia ya kuweka akiba kila sarafu ya shilingi tano iliyompitia mkononi. Alipanda juu, akazihesabu, akaona zinatosha nakala mia moja. Kazi ya kutuma vitabu kwa wachungaji ilianza hivyo, ikiongozwa na mwanamke mgonjwa kutoka nyumbani mwake. Yeye mwenyewe alishuhudia kwamba kazi hiyo ilimpa nguvu ya kuishi.

Mwaka 1887 Spurgeon alitoka katika Umoja wa Wabatisti kwa sababu aliona mafundisho ya msingi yanaachwa. Mwaka uliofuata viongozi wa Umoja walimlaumu rasmi. Rafiki wa miaka mingi walimgeuka, hata baadhi ya wale aliowafundisha. Susannah aliamini kwamba vita hivyo vilifupisha maisha yake.

Alihubiri Tabernacle kwa mara ya mwisho tarehe 7 mwezi wa sita mwaka 1891. Miezi ya mwisho aliipitisha Mentone, na safari hii mke wake aliweza kusafiri naye, kwa mara ya kwanza tangu alipoanza kwenda huko. Kwa miezi mitatu alimwonyesha mahali alipokuwa akimwandikia barua miaka yote ile. Alifariki tarehe 31 mwezi wa kwanza mwaka 1892, akiwa na miaka 57. Mwili ulirudishwa London, na juu ya sanduku waliweka Biblia yake ikiwa imefunguliwa Isaya 45.

Susannah aliendelea kutuma vitabu miaka 11 zaidi, mpaka alipokufa mwaka 1903.