Carl Linnaeus, Muswidi aliyezipa mbegu majina ya maneno mawili

Kwenye karatasi nyingi za biashara ya mbegu, nyuma ya jina la kisayansi la muhindi, Zea mays, kunafuata herufi L. Ndiyo alama ya Carl Linnaeus, mwana wa mchungaji, aliyezaliwa Uswidi tarehe 23 mwezi wa tano 1707.

Alisomea udaktari, lakini moyo wake ulikuwa kwa mimea. Wakati ule mmea mmoja uliweza kuitwa kwa sentensi nzima ya Kilatini, na kila mtaalamu alitunga yake. Watu wa inchi mbili wakiandikiana juu ya mbegu, ilikuwa vigumu kujua kama wanazungumzia kitu kimoja.

Mwaka wa 1753, akiwa profesa mjini Uppsala, alitoa kitabu Species Plantarum, chenye aina za mimea karibu 6 000. Kila moja aliipa maneno mawili tu: la kwanza la jamaa yake, la pili la kuitofautisha na ndugu zake. Maharagi ni Phaseolus vulgaris, mpunga ni Oryza sativa, hata leo.

Muhogo ulimshinda. Aliuweka katika jamaa ya Jatropha. Mwaka wa 1766 Heinrich Crantz akauita Manihot esculenta, na hilo ndilo limebaki.

Linnaeus alifariki tarehe 10 mwezi wa kwanza 1778. Mimea yake mikavu iliuzwa kwa Mwingereza James Edward Smith. Ingali London, na wataalamu wanaibishia jina wanaiendea kuhakikisha.