Justus von Liebig: Jina Lililofika Athi River

Justus von Liebig alizaliwa tarehe 12 Mei 1803 mjini Darmstadt, Ujerumani. Babaye aliuza rangi na dawa, naye akaonja kemia nyumbani kabla ya kuisomea chuoni. Mwaka wa 1816, akiwa kijana mdogo, aliona baridi ikiharibu mavuno ya Ulaya na njaa ikitapakaa. Masomo yalimfikisha Paris, na mwaka wa 1824 akateuliwa profesa mjini Giessen akiwa na umri wa miaka 21.

Katika kitabu chake cha mwaka wa 1840 alishikilia kwamba mimea hujilisha madini, fosforasi ikiwemo. Kila mavuno huondoka na sehemu ya madini hayo, na mkulima asiyeyarudisha huifilisi ardhi. Alipendekeza mifupa itiwe asidi ya salfuriki ili fosforasi yake iyeyuke. Mwaka wa 1842, akiwa ziarani Uingereza na mwanajiolojia William Buckland, alitazama mifupa na vinyesi vya wanyama wa kale vilivyofunikwa na tope la bahari hadi vikawa mawe. Alitambua kwamba mashapo hayo ni ghala la mbolea. Hata hivyo, mbolea aliyoibuni mwenyewe mwaka wa 1845 haikufaulu, kwani haikuyeyuka udongoni.

Mwaka wa 1865 kampuni yenye jina lake iliundwa London ili kutengeneza mchuzi mzito wa nyama huko Uruguay. Liebig alifariki Munich tarehe 18 Aprili 1873.

Jina lake halikuzikwa naye. Mwaka wa 1938 kampuni hiyo ilikuwa na kiwanda Athi River, katika Kaunti ya Machakos ya leo. Serikali ya kikoloni, ikidai kwamba mifugo ya Wakamba ilisababisha mmomonyoko wa udongo, iliwatwaa ng'ombe wao na kuwauza kwa bei duni. Umati mkubwa uliandamana hadi Nairobi ukiongozwa na Muindi Mbingu, ambaye alihamishiwa Lamu. Hivyo jina la mtu aliyehimiza ardhi irudishiwe chake likawa, Ukambani, jina la unyang'anyi.

Fundisho lenyewe lingali hai. Huko Minjingu, kaskazini mwa Tanzania, mabaki ya ndege na samaki yaliyozikwa katika mashapo ya ziwa la kale huchimbwa na kurudishwa mashambani kama mbolea.