Maisha ya Bibi Grace Hopper, na Kigugumizi cha Kompyuta Yetu

Katika gazeti letu la muhula uliopita mwalimu mwenzangu alituandikia maisha ya tabibu mmoja mashuhuri, na wasomaji wengi wakapendezwa. Muhula huu zamu ni yangu. Nimemchagua Bibi Grace Hopper, mwanamke wa Marekani aliyefariki mwaka wa 1992, naye ni mmoja wa watu wa kwanza kabisa walioziandikia kompyuta kazi za kufanya. Sikumchagua kwa ajili ya vyeo vyake, ingawa vilikuwa vingi. Nimemchagua kwa sababu nilikuwa na deni kwa mvulana mmoja wa Kidato cha Pili, na habari za bibi huyu ndizo zilizonionyesha njia ya kulilipa.

Chama chetu cha kompyuta kina mashine moja kuukuu, iliyotengenezwa mwaka wa 2002, nayo yatumia Windows XP. Tumeitunza makusudi kwa ajili ya michezo ya zamani, ambayo mashine mpya hukataa kuicheza. Jumamosi alasiri, kazi za usafi zikiisha, wanafunzi hushindana katika mchezo wa mbio za magari. Basi mwanzoni mwa muhula mashine hii ilishikwa na kigugumizi. Gari likienda vizuri, ghafla picha huganda, sauti hurudia silabi moja kama mtu aliyekwama katika neno, kisha mambo huendelea na gari limo mtaroni. Na ubaya wake ni kwamba haikuwa hivyo siku zote. Pengine ilikwenda saa nzima bila kosa, pengine ikakwama mara tatu katika dakika moja. Mashine iliyokufa ni rahisi kuitibu kuliko mashine inayougua na kupona yenyewe.

Jumamosi iliyotangulia mvulana yule alionekana akichomeka flashi yake. Nikamwambia mbele ya wenzake kwamba ameleta virusi, nikamkataza kuingia chumbani. Alikana. Sikumsikiliza. Nikaikagua mashine kwa programu ya virusi, nisione hata kimoja, walakini nikaendelea kuamini ninaloliamini.

Sasa tumwendee bibi mwenyewe.

Grace Brewster Murray alizaliwa New York tarehe 9 Desemba 1906. Alipokuwa na umri wa miaka saba alitaka kujua saa ya kengele inavyofanya kazi, akaifungua. Hakuweza kuirudisha. Akafungua ya pili ili aitazame, nayo ikamshinda, hata saa saba za nyumbani zikawa vipande vipande kabla mama yake hajajua. Mama hakumpiga, alimpa ruhusa ya saa moja tu, nyingine ziachwe. Wazazi wanaosoma gazeti hili watapima wenyewe kama wangefanya vile.

Baba yake alikatwa miguu kwa sababu ya ugonjwa wa mishipa, naye alitaka binti zake wasome sawa na mwanawe wa kiume, ili waweze kujitegemea. Grace alipotaka kuingia chuo cha Vassar akiwa na miaka kumi na sita alikataliwa, maana alikuwa ameanguka katika Kilatini. Akarudi kusoma, akaingia mwaka uliofuata, na mwaka wa 1928 akamaliza hesabu na fizikia. Mwaka wa 1930 akapata shahada ya pili katika chuo kikuu cha Yale, akaolewa na Bwana Vincent Hopper, ambaye waliachana baadaye, na mwaka wa 1934 akapata udaktari wa hesabu huko huko Yale. Katika miaka hiyo alianza kufundisha pale Vassar, mwalimu kama sisi.

Vita Kuu ya Pili ikamtoa darasani. Aliomba kuingia jeshi la wanamaji, lakini alikuwa na miaka thelathini na sita na uzito wake ulipungua ratili kumi na tano chini ya kipimo. Alipata ruhusa ya pekee, akaapishwa Desemba 1943. Mwaka wa 1944 akapelekwa chuo kikuu cha Harvard, chini ya Bwana Howard Aiken, mkali wa tabia, aliyemwonyesha mashine iitwayo Mark I na kumpa juma moja aitolee hesabu ambayo majibu yake yalikuwa na tarakimu 23 baada ya nukta. Bibi Hopper hakuwa amepata kuona mashine ya namna ile.

Mark I ilikuwa na urefu wa mita zaidi ya 15 na kimo cha mita 2.4, ikaujaza ukumbi kama ukuta. Ndani yake mlikuwa na vipande zaidi ya laki saba na maili mamia za waya. Amri zake zilitobolewa katika utepe wa karatasi. Pamoja na ukubwa wote huo ilijumlisha mara tatu tu kwa nukta, na kugawanya kulichukua nukta kama 15. Wakati wa vita ilikokotoa majedwali ya mizinga na mambo mengine ya siri. Hesabu moja iliyoletwa na mtaalamu John von Neumann ilihusu bomu la atomiki, ingawa walioishughulikia hawakuambiwa ni ya nini.

Mashine ile ilitumia maelfu ya rilei. Rilei ni swichi ndogo inayofungwa na kufunguliwa kwa sumaku ya umeme. Rilei iliyovunjika huonekana. Lakini rilei inayogusa mara tisa na kukosa mara ya kumi humtesa fundi, kwani akija kuitazama huikuta ikifanya kazi vizuri kabisa. Basi walizima taa za chumba, wakapitisha kioo kidogo cha mkoba wa Bibi Hopper mbele ya rilei, wakitazama cheche katika giza. Na kila kilichotokea kiliandikwa katika daftari, pamoja na saa yake.

Tarehe 9 Septemba 1947 mashine iliyofuata, Mark II, ilikosea ikiwa katika majaribio. Mafundi walitafuta wakamkuta nondo ndani ya rilei nambari 70. (Nasema nondo mdudu wa usiku, si nondo za fundi wa nyumba, nilipoisimulia habari hii darasani watu walicheka kwa kufikiri juu ya chuma.) Walimtoa kwa kibano, wakambandika kwa gundi ya karatasi katika daftari, wakaandika kando yake kwa mzaha kwamba safari hii mdudu wa kweli amepatikana. Mzaha huo waeleweka kwa kuwa mafundi wa Marekani waliita hitilafu mdudu tangu zamani. Edison alilitumia neno hilo mwaka wa 1878. Watu wengi husema Bibi Hopper ndiye aliyemkamata nondo. Sivyo. Wenzake walimkamata, yeye alikisimulia kisa maisha yake yote, na alijua kusimulia. Daftari lile lipo hata leo katika jumba la makumbusho la historia huko Washington, na nondo yumo.

Niliposoma habari ya daftari lile niliona haya. Mimi nilikuwa nimefanya nini? Katika siku moja nilipunguza ubora wa picha, nikaongeza kumbukumbu ya mashine, nikapangusa vumbi na kuondoa programu nne. Kigugumizi kikanyamaza siku mbili, nikajisifu. Kiliporudi sikujua lipi kati ya hayo lilisaidia, wala kama lipo lililosaidia.

Basi nilinunua daftari, nikalipiga mistari: siku, saa, nani yuko chumbani, kuna joto au baridi, mchezo upi, na taa ya diski inawaka au haiwaki. Nikaamua kubadili jambo moja tu kwa siku. Baada ya majuma mawili daftari lilisema mambo niliyokuwa siyataki. Mashine ilikwama hata asubuhi ya baridi, kwa hiyo haikuwa joto. Ilikwama nikiwa peke yangu na mlango umefungwa, mvulana yule akiwa bwenini. Ilikwama hata nilipozima sauti na hata nilipozima programu ya virusi. Lakini katika mara thelathini na moja nilizoandika, taa ya diski ilikuwa inawaka mara thelathini na moja.

Nikaenda katika orodha ya vifaa nikatazama jinsi diski inavyopeleka habari zake, na hapo niliona jambo. Kwa desturi diski hupeleka mzigo moja kwa moja katika kumbukumbu ya mashine, na prosesa, ambayo ndiyo akili ya mashine, huendelea na kazi zake. Lakini ipo njia ya kizamani, iitwayo PIO, ambamo prosesa hubeba kila kitu mwenyewe. Ni kama mwalimu mkuu aache barua zote ofisini akabebe matofali ya bweni moja moja: matofali yatafika, lakini shule itasimama. Mashine yetu ilikuwa katika njia hiyo. Kila mchezo ulipohitaji kipande kipya cha barabara kutoka diskini, prosesa iliacha kuchora magari ikaenda kubeba.

Nani aliihamisha? Windows XP yenyewe. Makosa ya kusoma diski yakifika sita kwa jumla, huteremsha mwendo daraja moja, na makosa yakizidi huendelea kuteremsha mpaka kufika kwenye PIO, na huko hukaa. Nikairudisha katika mwendo wake, nayo ikaenda vizuri siku tatu. Siku ya nne kigugumizi kikarudi. Nikaelewa kwamba nilikuwa nimetibu homa bila kutibu kidonda, na swali ni makosa yale yanatoka wapi.

Nikafungua sanduku. Waya bapa wa nyuzi 80 unaounganisha diski na ubao ulikuwa umebanwa na ukingo wa kifuniko, umekunjika na kuchubuka. Kifuniko kile kilifungwa mwanzoni mwa muhula, baada ya kupuliza vumbi. Aliyekifunga ni mimi.

Nilichukua waya mzima kutoka katika mashine mbovu iliyomo stoo, nikaufunga, nikarudisha mwendo wa diski, nikaandika katika daftari. Hata ninapoandika haya yamepita majuma matano bila kukwama hata mara moja. Jumamosi ya kwanza nilimwita mvulana mbele ya wenzake wale wale waliosikia nikimshtaki, nikamfungulia daftari, nikamwonyesha waya, nikamwomba radhi. Alitazama waya zaidi kuliko alivyonitazama mimi. Aliuliza kwa nini mashine haikukataa kabisa kufanya kazi. Swali hilo ni zuri kuliko lolote nililojiuliza mimi, na jibu ni kwamba mashine ilikuwa inajitahidi: kila mzigo ulioharibika njiani iligundua, ikauomba tena.

Nirudi kwa Bibi Hopper, maana kazi yake kubwa ilikuwa bado. Mwaka wa 1949 alijiunga na kampuni ya Eckert na Mauchly iliyokuwa ikitengeneza kompyuta ya UNIVAC. Aliona kwamba wenzake, wakitaka sehemu ya programu iliyokwisha kuandikwa, huinakili kwa mkono kutoka daftari la mwenzao, na wanadamu hukosea wakinakili na hukosea wakijumlisha. Akawaza: kama kunakili ndiko kunakoleta makosa, mashine na inakili yenyewe. Mwaka wa 1952 akatengeneza programu yenye kukusanya sehemu hizo na kuziunga. Aliambiwa kompyuta zajua hesabu tu, haziwezi kuandika programu. Akaendelea, akatengeneza lugha iitwayo FLOW-MATIC, yenye amri za maneno ya Kiingereza cha kawaida, ili wafanyakazi wa ofisini wasiopenda alama za hesabu nao waweze kuitumia. Lugha ya COBOL, iliyoanza kutungwa mwaka wa 1959 na kamati ya watu wengi, ilichota sana humo. Wengine humwita mama wa COBOL. Kwa maoni yangu bibi yake ingekuwa karibu zaidi na ukweli.

Jeshi lilimstaafisha mwaka wa 1966, likamwita tena mwaka uliofuata kwa kuwa kazi zilishindikana. Aliendelea hata akafikia cheo cha admirali. Wakati huo alikuwa akienda huku na huko kuhutubia, na mkononi alichukua vipande vya waya, kila kimoja chapata sentimita 30. Huo ndio umbali ambao umeme hauwezi kuuvuka zaidi katika sehemu moja ya bilioni ya nukta. Aliwagawia wakubwa wa jeshi waone kwa macho kwa nini habari zipitazo kwenye setilaiti huchelewa, na aliwagawia wanafunzi wasiupoteze ovyo wakati wa mashine.

Nilifanya hesabu hiyo na Kidato cha Pili. Kigugumizi cha mchezo wetu kilikuwa kama robo ya nukta. Kwa kipimo cha Bibi Hopper robo hiyo ni waya wa kilomita 75,000, karibu kuizunguka dunia mara mbili. Darasa lilinyamaza kidogo.

Alistaafu kwa mara ya mwisho Agosti 1986, akiwa na miaka 79, katika sherehe iliyofanyika juu ya merikebu ya kale USS Constitution huko Boston. Alifariki tarehe 1 Januari 1992, akazikwa katika makaburi ya taifa ya Arlington. Manowari moja imepewa jina lake, na mwaka wa 2016 Rais wa Marekani alimtunukia nishani ambayo hakuwapo kuipokea.

Daftari letu liko juu ya meza katika chumba cha kompyuta, na mwandishi wake sasa ni mvulana yule. Jumamosi iliyopita ameandika kwamba feni ya nyuma imeanza kulia, lakini mchana tu, na kwamba bado hajaigusa.